Hewa ya Hezekia

Siku ya nne tangu mama yao alazwe, Hezekia alifika kutoka Itigi na mfuko wa machungwa ambayo mama asingeweza kuyala. Kabla hajauliza hali, aliinama akasoma namba kwenye kile kidude cha kupimia hewa kilichombana mama kidole.

"Themanini na tisa," akasema. "Ya ngapi?"

"Ya mia. Shikamoo kaka," Editha akamjibu.

"Marahaba. Themanini na tisa ya mia, na wewe umekaa tu?"

Editha hakuwa amekaa tu. Siku tatu alikuwa amelala kwenye khanga sakafuni kando ya kitanda. Alimgeuza mama, akamsafisha, akamnywesha uji kijiko kimoja kimoja, akisubiri apumue ndipo amwekee kingine. Kila jioni alimpigia simu msimamizi wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti alikofanya kazi kule Mandewa, akaomba siku moja zaidi, na kila jioni sauti ya msimamizi ilizidi kuwa fupi. Lakini Hezekia alikuwa kifungua mimba na yeye ndiye aliyemfuata. Akaanza kueleza.

Mama yao, Theresia, alikuwa ameugua kifua miaka mingi. Kijijini kwao, upande wa Ikungi, watu walisema ni pumu. Walimfukiza majani, ikawa moshi juu ya moshi, kwa maana miaka arobaini na zaidi alipika pombe ya mtama kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, na kwa pombe hiyo aliwasomesha watoto wake. Mwaka huu, upepo wa mwezi wa saba ulipoanza kuchapa, alipata mafua madogo tu, na yale mafua yakamwangusha. Editha alipokwenda kumwona alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinamia magoti, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kumaliza sentensi. Alikodi gari siku hiyo hiyo, akamleta hospitali mjini Singida.

"Dokta anasema si pumu," Editha alimwambia kaka yake. "Mapafu yamechakaa kwa moshi. Hewa safi inaingia, ila hewa chafu haitoki vizuri. Ukimpa oksijeni nyingi, mwili unalegea, unaona umeshiba, haupumui kwa nguvu. Ile chafu inajaa ndani, inamlewesha, analala. Na usingizi huo mtu anaweza asiamke. Kwa hiyo namba ikikaa kati ya themanini na nane na tisini na mbili, inatosha. Tusiongeze."

Alimwonyesha kipimio ukutani, bomba dogo la kioo lenye kigololi kinachopanda kila hewa inapoongezwa. Kigololi kilikuwa kwenye moja.

Hezekia alimsikiliza kama mtu anayemsikiliza mpiga debe wa basi asilotaka kulipanda.

"Hewa inaua," akasema. "Hewa! Wewe udaktari umesomea wapi?"

"Sijasoma, kaka. Nimeambiwa."

"Umeambiwa. Wanatubania hewa kwa sababu wanatuona watu wa shamba, na wewe unaitikia."

Nesi Rukaiya alipopita kugawa dawa, Editha alimwomba aeleze yeye mwenyewe. Rukaiya alieleza taratibu, kwa heshima, neno kwa neno. Hezekia aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa sista, tumekuelewa, ahsante sana." Nesi alipoondoka, akaguna. "Watoto hawa."

Editha alitaka kupiga kelele. Badala yake aliitazama mikono yake, akaona kucha zimejaa uchafu, akakumbuka kwamba hajaoga tangu juzi.

"Kaa na mama," akasema. "Nikaoge, nifue, nirudi. Usiguse kitu."

"Nitagusa nini?"

Alipanda bodaboda hadi chumbani kwake Mandewa. Akaoga, akafua, akaketi kitandani avae viatu, na pale pale usingizi ukamchukua. Aliposhtuka ilikuwa imepita saa nzima. Aliporudi wodini jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Mama alikuwa amelala. Kwa mara ya kwanza tangu walipofika hakuwa ameinama mbele akishika kitanda kama anayezuia kuanguka. Alikuwa ameegemea mito, mdomo wazi kidogo, ametulia. Hezekia alikuwa anamenya chungwa, uso unang'aa.

"Soma," akasema, akionyesha kile kidude.

Tisini na tisa.

Editha alifurahi. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alijua pa kutazama. Alijua ule ukuta na lile bomba la kioo, na macho yake yalipita hapo yakaenda zake. Alikuwa amechoka kubishana. Alitaka dokta awe amekosea, nesi awe amekosea, na siku zile nne ziwe zimekwisha. Akaketi. Kaka yake akampa vipande viwili vya chungwa, naye akavila.

Labda ilipita nusu saa. Kisha akauona mkono wa mama juu ya blanketi ukirukaruka, vidole vikipepea vyenyewe kama bawa la kuku aliyechinjwa. Aliugusa. Ulikuwa wa moto, una jasho. Uso wa mama nao ulikuwa umeiva wekundu.

"Mama."

Kimya. Akamwita kwa Kinyaturu, karibu na sikio. Akamfinya bega. Mama alikoroma kidogo, basi. Ndipo Editha alipoinua macho ukutani. Kigololi kilikuwa juu kabisa.

"Kaka, umefanya nini?"

"Mwache alale. Siku nne hajalala."

"Umefanya nini!"

Hakusubiri jibu. Alikimbia kwenye meza ya manesi, kandambili moja ikabaki njiani.

Rukaiya alikuja mbio. Alitazama namba, akatazama ukuta, akageuka.

"Nani kagusa hapa?"

Hezekia alikuwa anatazama dirishani, akifuta vidole kwa leso. Editha alimtazama, akangoja. Alihesabu moyoni pumzi tatu za mama, fupi, za juu juu. Kaka yake hakusema neno.

"Dada," Rukaiya akamgeukia Editha huku akikiteremsha kigololi taratibu, "si nilikuonyesha? Si nilikuonyesha wewe mwenyewe?"

Editha alifungua mdomo, lakini daktari alikuwa ameshaingia. Hapakuwa na muda wa kueleza.

Dokta Derick alikuwa kijana, ila mikono yake ilikuwa na utulivu wa mtu mzima. Alimfinya mama, akamwita, akamsikiliza kifuani, akaagiza mashine. Waliisukuma kwenye kitoroli, kisanduku si kikubwa kuliko redio, kina bomba refu na barakoa ya plastiki yenye mikanda.

"Hewa chafu imemjaa," alisema. "Hapa hatuna kipimo cha damu cha kutuambia ni kiasi gani, tunamsoma yeye mwenyewe. Barakoa hii itamkaa puani na mdomoni. Akivuta, mashine inamsukumia. Akitoa, inampunguzia, lakini haimwachii kabisa, ili mapafu yasifunge. Ndiyo itamsaidia kuitoa ile chafu. Ikishindikana, itabidi mpira kooni, na mapafu kama haya ukishayatia mpira, kuuondoa ni kazi. Saa mbili za kwanza ndizo zitatuambia."

Barakoa ilikuwa ya ukubwa mmoja, na uso wa mama ulikuwa umebaki mifupa. Meno ya pembeni hana, mashavu yameingia ndani. Kila mashine iliposukuma, hewa ilitoroka pembeni kwa mluzi, ikampiga machoni, na kengele ikalia. Rukaiya alikunja vitambaa vya vidonda, akaviweka mashavuni, akakaza mikanda, kengele ikalia tena. Mwishowe akauchukua mkono wa Editha, akauweka juu ya barakoa.

"Shika hapa na hapa. Usibane macho. Na usiachie."

Editha akashika. Chini ya vidole vyake alihisi hewa ikiingia kwa kishindo na kifua cha mama kikiinuka kama kinachoinuliwa na mtu. Ikatoka. Ikaingia. Mgongo ukaanza kumuuma, hakujali. Alichojali ni kwamba kaka yake alikuwa bado yupo pale, mikono mfukoni, na bado hajasema.

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili alitikisa kichwa. "Wakishafikia barakoa," akasema, si kwa ubaya, "ndiyo basi tena."

Hezekia alilidaka neno hilo.

Baada ya dakika arobaini hivi mama alianza kupigana. Alitupa kichwa huku na huku, akaikamata barakoa kwa mikono yote miwili, akaivuta. Editha aliirudisha, mama akaivuta tena. Nguvu zile alizitoa wapi, mtu aliyekuwa haamki? "Ni dalili njema," dokta alisema kutoka kitanda cha mbali, "anaamka, mshike tu, mwambie apumue pamoja nayo." Lakini kuambiwa ni jambo jingine, na kuishika mikono ya mama yako akikulilia ni jambo jingine. Mama alimtazama. Hakuwa na akili zake bado, ila macho yalikuwa macho yake, na yaliuliza kosa lake ni nini.

"Mnamziba!" Hezekia akapaza sauti, wodi nzima ikageuka. "Mtu anatafuta hewa, nyie mnamziba mdomo! Nani anahusika hapa? Leteni karatasi nisaini, nimpeleke nyumbani. Kama ni kufa, afie kwake."

Dokta alikuja. "Kaka, ndugu wana haki ya kukataa matibabu, sitawafungia mlango. Lakini ukimtoa kwenye mashine hii sasa, hafiki hata Ikungi."

"Wewe lete karatasi."

"Faili limeandikwa jina langu," Editha akasema.

Hakuinua sauti. Mikono yake ilikuwa imeshika barakoa, hakuweza hata kugeuka vizuri.

"Unasemaje?"

"Niliyemleta ni mimi. Ndugu wa mgonjwa aliyeandikwa ni mimi. Wa kusaini ni mimi, na sisaini."

Tangu utotoni hakuwahi kumjibu Hezekia hivyo. Hezekia aliitoa simu mfukoni. Akatoka nje na simu sikioni.

Haikuchukua muda simu ya Editha ikaanza kutetemeka mfukoni. Iliita, ikakata, ikaita. Rukaiya alimtolea, akambonyezea, akamshikia sikioni. Alikuwa baba mdogo Filipo, kutoka kijijini.

"Binti, nasikia unapigana na kaka yako mbele ya mama anayekata roho."

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mwachieni mama yenu apumzike."

"Baba mdogo, mikono yangu ina kazi," akasema, na akamwashiria Rukaiya aikate.

Zile saa mbili ziliburuzika. Kengele ililia, akaisogeza barakoa, ikanyamaza. Mama alivuta, akashikwa, akalegea, akavuta tena. Katikati, bila mtu kuona ni lini hasa, vidole vyake viliacha kupepea. Wekundu ukashuka. Dokta Derick alirudi, akamwinamia.

"Bibi, unaitwa nani?"

Sauti ilitoka ndani ya plastiki kama kutoka kisimani. "Theresia."

"Huyu aliyekushika ni nani?"

Mama alimtazama Editha kwa muda. Midomo ikacheza. Editha akainama kumsikia.

"Niachie," mama akasema.

Alikaa na mashine ile siku tatu, kwa vipindi. Waliivua anywe uji na dawa, wakairudisha. Aliyemrudishia ni yule yule mmoja, Editha. Barakoa ilimchubua juu ya pua, ilimkausha mdomo, ilimpulizia macho yakatoa machozi, na kila Editha alipoinyanyua kutoka pembeni ya mto, mama aligeuza uso ukutani kama mtoto anayeona sindano. Hezekia alikuja kila siku saa za kuona wagonjwa. Alileta ndizi, akamsugua mama miguu kwa mafuta, akamsimulia habari za wajukuu wa Itigi. Barakoa hakuigusa. Mama alimtabasamia.

Rukaiya alibandika karatasi juu ya kipimio: USIGUSE. Kila alipopita aliitazama karatasi, kisha akamtazama Editha. Siku ya pili Editha alijaribu kumwambia. "Sista, ile siku si mimi niliye..."

"Dada, yameshapita," Rukaiya akasema kwa upole, na upole huo ulimkera kuliko kugombezwa.

Alimngoja Hezekia kwenye korido, akamzuia.

"Kwa nini hukusema ni wewe?"

"Kusema nini?"

"Uliongeza hewa. Ulimlaza mama karibu na kaburi, na nesi anadhani ni mimi."

Hezekia alimtazama kwa mshangao wa kweli, na hapo Editha akaona kwamba hadanganyi. "Mdogo wangu, mama alikuwa hapumui. Nilimwongezea hewa, namba ikapanda, akalala. Hao ndio waliokuja na mashine yao akaanza kuhangaika. Mungu tu amemtoa."

Siku ya kumi na moja waliruhusiwa. Mama alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, hatua kumi, kupumzika, hatua kumi, kupumzika, akikataa kushikwa mkono. Dokta alimpa Editha dawa ya kuvuta kwa mdomo na maagizo ya mdomo pia: asipike tena kwa kuni ndani, moshi asiusogelee, akianza kubana arudi mapema. Editha aliyaandika yote nyuma ya kadi ya kliniki.

Kijijini watu walijaa. Walimwomba mwinjilisti aongoze sala ya shukrani, wakatandika mikeka uani, wakachinja kuku. Baada ya sala, baba mdogo Filipo alimsimamisha Hezekia aseme neno kwa niaba ya familia.

Hezekia alisema vizuri, kama kawaida yake. Alisema jinsi alivyofika akamkuta mama amebaniwa hewa, kiduchu, kama maji ya mgao. Alisema jinsi alivyosimama mwenyewe akaufungua ule mtambo, na namba ikapanda mpaka tisini na tisa. Wanawake walipiga vigelegele. Mama, amejifunika shuka kwenye kiti chake, aliitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," mama akasema, taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Hezekia alinifungulia hewa. Nikalala. Huyu Editha... alinishika mikono. Alinibana."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupendana. Editha hakucheka. Alisimama akiwa na beseni la kunawisha mikononi, na maneno yakatoka kabla hajayapanga.

"Ile hewa ya kaka ndiyo iliyotaka kukuua, mama. Ulipoteza fahamu. Hukuamka kwa hewa ya Hezekia, uliamka kwa barakoa, na mimi niliishika saa mbili na wewe unaivuta. Kaka alitaka kusaini tukulete ufe njiani. Muulizeni. Muulizeni kama nasema uongo!"

Mtoto mmoja aliuliza kitu, mama yake akamziba mdomo. Hezekia alibaki amesimama, bado na lile tabasamu la hotuba usoni, halijui pa kwenda.

"Editha," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia. "Usimwaibishe kaka yako mbele za watu. Mwombe radhi."

Editha aliliweka beseni chini, maji yakamwagika. Hakuomba radhi. Alizunguka nyuma ya nyumba kwenye sufuria chafu, akachukua majivu na nyasi, akasugua. Alisugua sufuria moja mpaka ikang'aa, akaichukua hiyo hiyo akaisugua tena. Alisikia watu wakiendelea kula, sauti zikirudi moja moja. Akasikia pia sauti ya Hezekia, na kicheko. Alilia kwa hasira, pua inatiririka, na hakuwa na mkono mkavu wa kuifuta.

Wageni walipopungua, shangazi mmoja alimfuata. Mama anamwita.

Mama alikuwa chumbani, ameketi kitandani. Alijishika mgongo, Editha akaelewa, akakaa nyuma yake, akaanza kumsugua kwa kiganja kama alivyofundishwa na Rukaiya, kutoka chini kupanda. Mbavu zilihesabika. Kifua kilipiga mluzi, si mbaya sana.

"Ulinibana sana," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Iliuma."

"Najua."

Mama alikohoa, akatema kwenye kopo, akapumzika. Editha alingoja. Alikuwa tayari kwa neno lolote, hata baya. Lakini mama hakurudi tena kwenye habari ya hospitali, wala siku hiyo wala siku nyingine.

"Unarudi lini mjini?"

"Kesho. Kazini wameshanichoka."

"Kaa mpaka Jumapili."

Editha alijua msimamizi atasema nini. Pengine nafasi yake kwenye mashine ya kukamulia ilikuwa imeshapewa mtu. Na alijua kwamba akikaa, kesho asubuhi atashika jiko la nje peke yake, atasikia tena hadithi ya tisini na tisa kutoka kwa kila jirani atakayekuja kumpa mama pole, na hakuna atakayemuuliza yeye ilikuwaje.

"Sogea kidogo, mama," akasema. "Nikufikie upande wa kulia."

Mama akasogea. Editha akaendelea kusugua, mikono bado inanuka majivu, na hasira haijamtoka.